Pointi gadi mliyemwachia amechanua kwa wenzenu: nini kimebadilika?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya kikapu hapa Tanga mjini, upande wa Chumbageni. Tulikuwa na kijana, namba moja, yaani pointi gadi, mpangaji wa mashambulizi, amekaa kwetu misimu miwili, muda mwingi benchi. Akiingia anavusha mpira nusu ya uwanja, anampa kapteni, basi. Hana madhara. Msimu huu ulipoanza akaomba ruhusa ahamie timu moja ya Ngamiani, tukampa bila kinyongo. Sasa mwalimu, huyu si yule! Anafunga, anagawa, anapiga kelele uwanjani utadhani yeye ndiye kocha. Wiki iliyopita katufunga sisi wenyewe pointi zaidi ya 20. Kocha wangu mkuu anasema kijana alikuwa anatuficha makusudi ili apate sababu ya kuondoka. Wengine wanasema huo ni upepo tu, utapita. Wapo hata wanaosema kuna mkono wa mtu. Ukweli ni upi? Na tukimwomba arudi, tutampata huyu wa sasa au yule wa zamani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. La mkono wa mtu tuliweke kando. Sifa hiyo Tanga tunayo ya kutosha, haina haja ya kuongezewa mpira wa kikapu. La kuficha nalo silipokei. Kijana hawezi kukaa misimu miwili anajifanya mbovu mbele ya wenzake, anachekwa mtaani, eti anasubiri pa kwenda. Mwenye mpango wa namna hiyo angekwisha kuondoka zamani. Jibu ninaloliona mimi limo kwenye barua yako mwenyewe, katika maneno matatu uliyoyapita haraka: anampa kapteni, basi.

Mfungaji unaweza kumweka kona robo nzima, akaguswa na mpira mmoja, akaupiga, ukajua kwamba anajua. Senta, yule mrefu wa chini ya ringi, utamwona kwenye ribaundi, mpira uliokosa kuingia, hata asipopewa pasi. Namba moja ukimnyima mpira hana pengine pa kuonyeshea kazi yake, kwa sababu kazi yenyewe ni kuamua mpira uende wapi na lini. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinaipa timu sekunde 8 kuvusha mpira nusu ya uwanja na sekunde 24 kwa shambulizi zima. Kijana mwepesi anavusha kwa sekunde 4 au 5. Zinabaki karibu 20, na pointi gadi anajulikana ndani ya hizo 20. Ninyi mlikuwa mnamtazama katika zile 5 za mwanzo, halafu mnaandika daftarini kwamba hana madhara.

Nimewahi kuwatazama msimu uliopita nikiwa nimekaa pembeni, na kuna tukio moja sijalisahau. Kijana anapandisha mpira, mkono wa kulia, kichwa juu. Hajafika mstari wa katikati, kapteni wenu kishasimama kwenye kona ya boksi, lile eneo lililochorwa mbele ya ringi, mgongo kaupa ringi, mkono hewani: "Lete! Lete!" Upande wa pili senta wenu kamzunguka anayemkaba, yuko peke yake chini ya ringi, viganja wazi. Kijana akamwona. Nasema akamwona kwa sababu macho yalikwenda kwa senta, bega nalo likaanza kufuata. Halafu akatupa jicho kwenye benchi, bega likarudi, akampa kapteni. Kapteni akadunda mara nne tano, akapiga akiwa na watu wawili mwilini, ikagonga chuma. Senta akarudi kukaba huku anatikisa kichwa.

Kuiona ile pasi ndiyo sehemu ngumu kufundisha. Makocha tunaweza kumfundisha mtu kudunda kwa mkono wa kushoto, kusimama sawa kabla ya kupiga, kupasia kifuani na si miguuni. Jicho la kuona mwenzako kabla hajawa wazi linakuja kwa taabu sana, na yeye alikuwa nalo akiwa kwenu. Alikosa ruhusa tu, na ruhusa hainunuliwi kwa bidii ya mazoezini.

Huku kwetu tukio kama hilo linaonekana dogo, lakini hata klabu tajiri za Marekani zimepita njia hiyohiyo. Mchukue Jalen Brunson. Alitoka chuo cha Villanova na ubingwa wa vyuo mara mbili, 2016 na 2018, na bado, siku ya kuchagua wachezaji wapya, timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zikampita mpaka nafasi ya 33, raundi ya pili, Dallas Mavericks wakamchukua. Mwili wake ni wa kawaida, kama sentimita 188, na hana ule mruko wa kutisha. Kule Dallas mwenye mpira alikuwa Luka Dončić. Huwezi kumlaumu kocha: ukiwa na Dončić unampa mpira. Brunson akacheza misimu minne akiwa msaidizi, na ule wa mwisho, wa 2021-22, wastani wake ulikuwa pointi 16.3. Watu wakasema ni mchezaji mzuri wa kuziba pengo.

Ikaja raundi ya mtoano ya 2022 dhidi ya Utah Jazz, mechi kadhaa kwa timu zilezile. Dončić kaumia, hayupo mechi tatu za kwanza. Mechi ya pili Brunson akafunga 41, ya tatu akafunga 31, na zote mbili Dallas wakashinda. Umeona? Jezi ileile, kocha yuleyule, wiki ileile. Hakuhama timu wala hakujifunza shuti mpya usiku. Mpira ulibaki hauna mwenyewe, akauchukua. Kiangazi kilichofuata akasaini New York Knicks, miaka minne kwa dola milioni 104, na pengine wengi wa waliocheka bei ile leo hawakumbuki kama walicheka. Mwaka wake wa kwanza New York wastani ulikuwa pointi 24.0, wa pili 28.7. Mwaka 2025 akachukua tuzo ya mchezaji bora wa dakika za mwisho, na Knicks wakafika fainali ya ukanda wa Mashariki kwa mara ya kwanza tangu 2000.

Sasa tazama dakika zake. Dallas alicheza karibu 32 kwa mechi. New York mwaka wa kwanza, 35. Ni dakika tatu tu za nyongeza, na dakika tatu haziwezi kuzaa pointi karibu nane. Kwa hiyo mtu akikuambia "kijana kachanua kwa sababu huko anapata muda wa kucheza", mwambie hiyo ni nusu ya habari. Muulize katika muda huo mpira unakuwa mkononi mwa nani.

Narudi kwa kijana wenu. Timu aliyokwenda naijua kidogo. Hawana mtu wa aina ya kapteni wenu, anayetaka mpira uanzie na uishie kwake. Wana senta mrefu anayependa kukimbia kuliko kusukumana, na wana vijana wawili wa pembeni wanaopiga pointi tatu bila woga lakini hawawezi kudunda mara mbili bila kuupoteza. Timu ya namna hiyo ina njaa ya namba moja. Mgeni njoo mwenyeji apone: yeye kapata mpira, wao wamepata mtu wa kuwafikishia. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, na kwao umeiva.

Umeandika pia kwamba anapiga kelele kama kocha, na nahisi kalamu yako ilikuwa na uchungu kidogo hapo. Sauti ya pointi gadi inafuata mpira. Kwenu angemwambia nani ahame upande, kama kila mtu anajua sekunde mbili zijazo mpira utakuwa kwa kapteni? Angeonekana anajipa ukubwa. Huko akinyoosha kidole, mtu anahama, kwa sababu asipohama hapewi pasi. Msichukulie kama majivuno, hata kama siku ile mnafungwa yalisikika hivyo.

Kama bado unataka ushahidi kwamba mtu habadiliki kwa kuvaa jezi mpya, yupo Tyrese Haliburton. Huyu ninampenda zaidi kama mfano kwa sababu alihama katikati ya msimu, tarehe 8 Februari 2022, kutoka Sacramento Kings kwenda Indiana Pacers. Sacramento walikuwa na De'Aaron Fox, naye ni namba moja, mwepesi kama mshale, na mpira ulikuwa wake kwanza. Haliburton akiwa Sacramento msimu ule alikuwa na asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, 7.4 kwa mechi. Indiana, msimu uleule, zikawa 9.6, na pointi zikapanda kutoka 14.3 hadi 17.5. Kati ya jezi moja na nyingine zilipita siku chache. Hakuna mazoezi yanayombadilisha mtu kwa siku chache. Msimu wa 2023-24 akaongoza ligi nzima kwa asisti, 10.9, na mwaka 2025 akaifikisha Indiana fainali ya NBA. Timu ambayo Indiana waliitoa njiani, fainali ya Mashariki, ni New York ya Brunson. Kwa hiyo waliokuwa wakigombea kuingia fainali kubwa ya dunia ni pointi gadi wawili ambao timu zao za kwanza ziliamua mpira ubaki kwa mtu mwingine.

Lakini usiishie hapo, maana hadithi ya Sacramento inawahusu ninyi mliobaki. Wao hawakumtupa kijana. Walimpata Domantas Sabonis, mtu mkubwa anayejua kupasia, na Fox akabaki na mpira wake peke yake bila kugombania. Msimu uliofuata wakashinda mechi 48 na kurudi kwenye mtoano baada ya kuukosa misimu 16 mfululizo. Pande zote mbili zilipona. Aliyeachia mchezaji hana lazima ya kuwa mjinga. Ujinga unakuja pale anapomwachia bila kujua anaachia nini na nafasi ile ataijaza na nini. Ninyi mlimpa ruhusa bila kinyongo, na kwa hilo nawavulia kofia. Tanga inaitwa waja leo waondoka leo, lakini kwenye michezo wapo viongozi wanaokalia barua ya mchezaji msimu mzima, hawamchezeshi na hawamwachii. Kijana anakaa nyumbani mpaka anaacha mchezo.

Hata wa kwetu alikutana na jambo la aina hii, ingawa yeye hakuwa gadi. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies. Stephen Curry mwaka huo alikuwa wa saba. Watu wanapenda kumcheka Thabeet kwa hilo. Wanasahau kwamba alipofika Memphis nafasi yake ilikuwa na Marc Gasol. Sisemi kwingineko angekuwa nyota. Alikuwa na mapungufu yake. Nasema senta mwenye mengi ya kujifunza alipelekwa mahali ambapo aliye mbele yake hakuwa na sababu ya kumpisha.

Sasa hilo la upepo. Anayesema ni upepo tu utapita, kuna kitu amekigusa bila kujua, kwa sababu si kila kinachombeba mchezaji ni chake au cha timu yake. Steve Nash, mzaliwa wa Johannesburg, aliondoka Dallas mwaka 2004 akiwa na miaka 30, wenye timu wakihofia mwili wake hautastahimili mkataba mrefu. Akarudi Phoenix Suns, timu iliyokuwa imeshinda mechi 29 tu. Mwaka mmoja baadaye walishinda 62, naye akawa mchezaji bora wa ligi, 2005 na tena 2006. Pointi zake zilipanda kwa moja tu, kutoka 14.5 hadi 15.5. Kilichoruka ni asisti, kutoka 8.8 hadi 11.5, kwa sababu kocha Mike D'Antoni alitaka timu ipige mapema kabla wapinzani hawajajipanga, na pembeni ya Nash kulikuwa na watu wa kukimbia, Amar'e Stoudemire na Shawn Marion. Hata hivyo msimu uleule ligi ilianza kuwabana walinzi waliokuwa wakimshika kwa mikono mwenye mpira. Gadi wote wepesi walinufaika, Nash akiwa mbele yao. Na Dallas? Mwaka 2006 waliwatoa Phoenix hao hao, wakaingia fainali.

Kwetu hapa sheria hazijabadilika, lakini kaeni mjiulize maswali ya kwetu. Mechi mliyofungwa ilichezwa wapi, saa ngapi? Viwanja vyetu vingi ni vya wazi, saruji chini na mbingu juu. Jioni upepo wa baharini ukiamka, shuti la mbali linakufa njiani, na timu inayotegemea kupiga kutoka nje inaumia, wakati gadi anayeingia ndani na kuweka mpira mlangoni mwa ringi hata hajui kama kuna upepo. Refa je, alikuwa anapuliza mkono ukimgusa mwenye mpira, au aliacha watu wasukumane? Kijana mwembamba anafunga zaidi mbele ya refa mkali. Nikikisia, mambo haya yanaweza kuwa yamempa pointi tano sita kati ya zile alizowafunga. Nyingine ni zake.

Kwamba itadumu au haitadumu, hapa lazima nipunguze shangwe. Isaiah Thomas alikuwa mchezaji wa mwisho kabisa kuchaguliwa mwaka 2011, wa 60, urefu wake kama sentimita 175. Alipita Sacramento na Phoenix, akatua Boston Celtics Februari 2015, wakampa mpira na watu warefu wa kumsimamia skrini, yaani kumzibia njia anayemkaba. Msimu wa 2016-17 wastani wake ulifika pointi 28.9. Kiangazi hicho Boston wakambadilisha na Kyrie Irving, akaenda Cleveland akiwa na nyonga mbovu, kwenye timu ambayo mpira ulikuwa wa LeBron James. Alicheza mechi 15 tu, wakamhamisha tena. Hakusahau mpira. Nyonga ilimwangusha, na pahala hapakuwa pake.

Kijana wenu atapata majaribu mawili, na la kwanza limeshaanza. Duru ya kwanza hakuna aliyemjua. Kila timu ilijipanga kumkaba yule wa benchi. Duru ya pili watamjua. Watamwekea mtu mapema, watamlazimisha mkono wa kushoto, watampelekea wawili akivuka katikati waone kama anaweza kuuachia mpira kabla hajazibwa. Akipita hapo, ni mchezaji kweli. La pili ni mwili na maisha. Mnamkumbuka akicheza dakika chache. Sasa anacheza karibu mechi nzima, juu ya saruji, kwa viatu vya mtumba vilivyokwisha soli, na asubuhi ana shughuli zake. Magoti yanaanza kulalamika hapo. Hilo ni la timu yake mpya kulitazama, lakini mtu akimuona amwambie apumzike siku moja kamili kabla ya mechi.

Mkimwomba arudi, na kapteni bado anasimama kwenye kona ya boksi anaita "lete" kabla mpira haujavuka, mtampata yule wa zamani, na safari hii atakuwa na hasira. Ushahidi mkubwa ni Russell Westbrook. Alikuwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2017, mpira ukiwa wake Oklahoma City usiku na mchana. Mwaka 2021 Lakers wakamchukua akacheze pamoja na LeBron James, mwenye mpira mwingine. Timu yenye majina makubwa vile ikashinda mechi 33 ikafungwa 49, mtoano wakautazama kwenye televisheni. Kama hao walishindwa kugawana mpira mmoja, msitegemee kijana wenu na kapteni wataelewana kwa sababu tu mmewanunulia soda wakakaa meza moja.

Mimi ningeanza na kapteni, na ningemweka pembeni, si mbele ya wachezaji. Ni mfungaji wenu mkubwa, msimvunje. Mwonyesheni kwamba akipokea mpira sekunde ya 12, anatoka kwenye skrini tayari anaitazama ringi, anapiga akiwa na mtu mmoja mbele yake. Akiupokea sekunde ya 5, mgongo umeupa ringi, wapinzani wote watano wana muda wa kumtazama yeye. Yeye mwenyewe atafunga zaidi. Kuna zoezi dogo la kumfikisha hapo: chezeni watano kwa watano, marufuku kapteni kugusa mpira kabla haujapita mikono miwili mingine upande wa mbele. Wiki ya kwanza atalalamika. Atakapoanza kupata mashuti mepesi atanyamaza mwenyewe.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuliko kurudi kwake. Nani amekaa kwenye kiti chake cha benchi sasa? Nina wasiwasi mna kijana mwingine wa aina ileile, na mnamwandika vilevile. Kabla hamjaamua juu yake, chukueni daftari la kurasa 40, mpeni mtu anayejua mpira lakini hana ndugu kwenye timu, na kila shambulizi aandike mambo mawili tu: mpira ulikuwa kwa nani sekunde ya 8, na nani aliusukuma kwenye pasi ya mwisho kabla ya shuti. Pointi msiandike, karatasi ya meza inazo. Mkifungua daftari baada ya mechi chache mkakuta jina la kapteni limejaza safu ya kwanza, basi huyo kijana mpya bado hamjamwona akicheza, hata kama mmemtazama msimu mzima. Mpeni robo moja ya mechi isiyo na uzito, kapteni akiwa amekaa, na mumwambie waziwazi: robo hii mpira ni wako, ukiupoteza hatukutoi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Gadi anayechungulia benchi kila anapopasia hawezi kuona senta.

Mtakutana na yule wa zamani tena duru ya pili, kwa hiyo nikupe na hili. Mkifunga kikapu, msirudi nyuma wote. Wekeni mtu mmoja mwepesi amzuie asipokee pasi ya kwanza, mpira uanze kwa wale vijana wa pembeni wasiojua kudunda. Sekunde 8 zitawaishia mikononi. Akishaupata, anayemkaba asimame nusu hatua upande wa kulia wake, ampe kushoto. Kwenye skrini piteni chini, nyuma ya anayemsimamia, mpaka atakapowaonyesha kwamba shuti la mbali analo. Mimi sijaliona bado. Senta wenu asitoke kwenda kumkabili mapema, maana hiyo ndiyo pasi anayoisubiri, ile aliyoinyima bega kwenu. Na kapteni msimpe kazi ya kumkaba, hata akiomba. Atataka kumwonyesha nani mkubwa, na robo ya pili haijaisha atakuwa na faulo tatu.